Uzito Juu ya Mlango wa Zaina

Vijana wangu mlioko Unguja,

Barua yenu imenifikia. Mnasema mmeshika mwiko wa uashi mwaka huu, na mnauliza: mlango ukishatobolewa ukutani, mawe yote yale ya juu yanakaa juu ya nini? Swali zuri. Nitawajibu, lakini mjomba wenu hajibu kitu bila kujisifu kwanza, kwa hiyo vumilieni.

Shule nilisoma miezi minane. Chuoni, kwenye Kurani, nilikaa zaidi, nikatoka na mwandiko wa Kiarabu ambao mpaka leo watu huniomba niwaandikie juu ya milango yao. Hesabu zangu ni za vidole na kamba. Lakini toka Hell-Ville kule kisiwani Nosy Be mpaka hapa Mahajanga nimejenga milango ambayo siwezi kuihesabu, na hakuna hata mmoja uliomwangukia mtu. Mhandisi mmoja wa serikali, Mfaransa wa soksi ndefu, alipita chini ya tao langu pale Hell-Ville akasimama, akaligonga kwa fimbo mara tatu, akaenda zake bila kusema neno. Mfaransa akikosa la kusema, fundi ujue umefaulu.

Wala msidhani nimezeeka. Nina hamsini na kidogo. Chokaa mbichi ilinirukia jicho la kushoto, na mwenye jicho moja hapandi jukwaa, maana haoni sawasawa ubao unaishia wapi. Nikashuka mwenyewe kabla sijashushwa. Sasa nakaa barazani hapa Mahabibo nakosoa kuta za wenzangu. Kazi haina mshahara lakini ina raha yake.

Mkija kututembelea mtaona nyumba nyingi za mtaa huu zina linta iliyonyooka juu ya mlango, yaani kile kizingiti cha juu cha zege, na juu ya linta kuna mstari wa mawe yaliyopinda kama upinde. Watu hudhani ni urembo. Mafundi vijana huniiga bila kujua kwa nini. Mimi najua, kwa sababu upinde wa kwanza niliujenga nikiwa nimeshikwa na hofu ambayo sijaipata tena, siku mbili kabla bwana harusi hajaingia kwenye nyumba ya Zaina. Nitafika huko. Kwanza mkate.

Nunueni mkate mrefu, ulale siku mbili mpaka ukauke. Uwekeni juu ya vikombe viwili, kila ncha na kikombe chake, halafu bonyezeni katikati kwa kidole. Tazameni unaanzia wapi kupasuka. Si juu, pale kidole kilipo. Ni chini. Juu mkate unasongwa, chini unavutwa. Basi linta ni huo mkate. Jiwe na zege hupenda kusongwa, unaweza kuvisonga mpaka uchoke, lakini ukivivuta vinakatika. Chuma ndicho kinachojua kuvutwa. Kwa hiyo nondo za linta hukaa chini, tumboni, vidole viwili kutoka nje. Mkiziweka juu mmezika chuma bure, na linta yenu ni mkate mkavu. Wengine huuliza kwa nini wasiweke nondo juu na chini ili wasikosee. Miaka ile chuma kilikuja kwa meli, na kila fimbo ilikuwa na mtu anayeingoja.

Mimi sikufundishwa zege na mtu. Nilijifunza kwa kusimama nyuma ya uzio siku kumi na moja, serikali ikijenga daraja dogo, mpaka msimamizi akadhani mimi ni mwizi. Ila matao nilifundishwa, na mtu huyo namtaja kwa heshima. Alikuwa Mzee Madi wa Nosy Be, mfupi, mtafuna tambuu, aliyepima kila kitu kwa mkono wake kutoka kiwiko mpaka kidole, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mfupi milango yake yote ilikuwa mifupi vilevile.

Siku moja alinichukua mpaka Ambanoro, kwenye magofu ya nyumba za wafanyabiashara wa zamani, mizizi ya miti imeshika kuta kama vidole.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona nyumba mbovu."

"Basi wewe ni mjinga mwenye macho mazuri. Tazama mlango."

Nikatazama. Paa hakuna, sakafu hakuna, ukuta wa nyuma umelala chini. Tao la mlango limesimama peke yake.

"Chokaa yake iko wapi?" akauliza.

"Imeliwa na mvua."

"Sasa kinalishika nini?"

Nikafikiri sana nikasema, "Dua."

Alicheka mpaka tambuu ikamtoka. "Dua ni ya wewe unayepita chini. Lile linashikwa na uzito wake lenyewe. Kila jiwe linataka kuanguka, na mwenzake hamwachi, kwa sababu naye anataka kuanguka. Ndiyo maana linadumu. Wote ni wabaya, na hakuna anayepata nafasi."

Kisha akanionyesha mlango mwingine, ambao zamani ulikuwa na linta ya mbao na mbao imeoza. Mawe yamedondoka na kuacha tundu lenye umbo la paa la nyumba, pana chini, kali juu. Mawe mengine yote ya ukuta yako palepale. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukuta mzuri hujibeba. Linta inabeba yale mawe ya pembetatu tu, yale ambayo yangedondoka. Mengine yameegemeana na kupeleka uzito pembeni. Shikeni hilo. Lakini shikeni na hili: ukileta boriti ya sakafu ukaitua ndani ya pembetatu ile, mambo yamebadilika, na uzito wa wanaokanyaga juu unakuja wote kichwani kwa linta.

Nililielewa tao, lakini sikulielewa lote. Jiko langu la kwanza, kwa bwana mmoja wa Ambatoloaka, nililiwekea tao zuri hatua moja tu kutoka kwenye pembe ya nyumba. Tao halikai kimya, vijana. Husukuma kwa mabega, kulia na kushoto, maisha yake yote. Tulipotoa mbao za kulishikilia, pembe ya jiko ikaanza kwenda nje polepole, na bwana yule akatoka na sahani yake mkononi akasema kwa upole, "Fundi, jiko langu linafungua mikono." Mzee Madi hakunigombeza. Aliniambia niegemeze mgongo kwenye pembe na nisiondoke, wakati wenzangu wanapanga mawe ya kuizuia kwa nje. Nilikuwa nguzo toka asubuhi mpaka adhuhuri, na kila mwanamke aliyekwenda kisimani alinisalimu kana kwamba mimi ni sehemu ya ukuta.

Jambo la mwisho la Mzee Madi ni makopo ya mchanga. Tao likiwa linajengwa hulala juu ya kiunzi cha mbao, na kiunzi kinasimama juu ya nguzo. Ukizipiga nguzo nyundo ili kuzitoa, tao linashtuka na mawe yanakaa vibaya. Yeye alisimamisha kila nguzo ndani ya debe la mchanga mkavu, lenye tundu chini lililozibwa kwa kijiti. Ukichomoa vijiti, mchanga unatiririka, nguzo zinashuka pamoja taratibu, na tao linajikalia kama mzee anayekaa kitini. Nilipofanya peke yangu mara ya kwanza nilisahau kwamba Nosy Be mvua haiombi ruhusa. Mchanga ukalowa. Nikachomoa vijiti vyote mbele ya wenye nyumba, na haikutoka hata punje moja. "Hongera," Mzee Madi akaniambia, "umejenga nguzo za milele."

Sasa Zaina.

Uhuru ulikuwa bado mpya, na watu walitaka kila kitu kinyooke. Tao likawa kitu cha babu. Bwana Maulida, Mngazija mwenzetu wa hapa Mahabibo, alikuwa anamjengea nyumba binti yake Zaina, maana kwetu nyumba ni ya binti, na mume ndiye anayeingia. Akaniambia anataka mlango ulionyooka juu, mpana kiasi cha bwana harusi kuingia na wazee wawili kila upande bila mtu kupinda bega. Juu ya sebule alitaka sakafu ya boriti yenye uwanja wazi, ambako wanawake wangesimama kupiga vigelegele na kurusha mchele siku ya kuingia. Watano kwa safu mlangoni, hesabuni wenyewe upana wake. Mafundi wawili walikataa kazi ile. Mimi nikasema nitaifanya nikiwa na usingizi.

Linta niliimimina uani, chini, ndani ya kalibu ya mbao, nondo nne nene tumboni. Ilikuwa linta nzuri. Zege lilipokuwa bado bichi nilichukua msumari nikaandika Bismillahi juu yake, kwa herufi kubwa, kwa ule mwandiko wangu. Hiyo ilikuwa desturi yangu kwa kila linta. Uso ule ulikuwa wa juu, ungefunikwa na mawe, nao ungebaki siri yangu na Mwenyezi Mungu. Lakini sitawadanganya. Nilitaka pia vibarua wauone.

Linta ikafunikwa magunia ya maji ikomae, nami nikaitwa Nosy Be wiki tatu kutengeneza baraza ya duka. Nikamwachia kazi Tombo, msaidizi wangu, mtu mzima mwenye wake na watoto, Mtsimihety wa bara, asiye Mwislamu, mwenye nguvu na akili. Nikamwambia, "Ikikomaa ipandisheni kama ilivyolala." Basi. Sikuandika neno "juu" mahali popote. Fundi mkubwa kama mimi aandike neno "juu"?

Nilirudi kwa meli ndogo ya mwambao siku ya Jumatano asubuhi. Bwana harusi angeingia Ijumaa baada ya sala. Nikaenda moja kwa moja kwenye nyumba na mfuko wangu begani. Ukuta umekwisha, boriti zimetuliwa, chokaa nyeupe imepakwa. Nikasimama mlangoni, nikainua macho, na juu ya kichwa changu nikasoma Bismillahi.

Kwa pumzi moja nilifurahi, maana mwandiko ulikuwa mzuri kweli. Pumzi ya pili nikakumbuka nondo. Kama maandishi yako chini, basi nondo ziko juu. Na katikati kabisa, ukikata herufi ya sini, ulipita ufa mwembamba kama unywele.

Nikatoka nje kuangalia boriti. Tatu kati yake zilikuwa zimekaa juu ya mlango, ndani ya pembetatu. Bibi yake Zaina na wanawake wengine watano walikuwa huko juu wanapepeta mchele.

"Bibi," nikamwita, "shukeni kidogo, nipime kitu."

"Pima na sisi tukiwa hapa," akasema. "Au umerudi na woga wa Nosy Be?"

"Nimerudi na woga wa hapahapa."

Wakashuka wakicheka. Nikamvuta Tombo nyuma ya nyumba, kwenye mbuzi wa karamu.

"Nani aligeuza linta?"

"Kaka, usiniulize mbele za watu."

"Hapa kuna mbuzi tu."

Akakuna shingo. "Mwalimu."

Mwalimu Abdu alikuwa mwalimu wa chuo na mjomba wa Zaina, ndugu wa mama yake. Kwetu mjomba wa binti akisema neno katika harusi, hata baba hunyamaza. Alifika siku ya kupandisha linta, watu wanane wameshaishika, akayaona maandishi. Akauliza yataelekea wapi. Tombo akamwambia juu, yatafunikwa na mawe na boriti, na sakafu.

"Akasema, kwa hiyo wanawake watacheza ngoma juu ya jina la Mungu," Tombo akaniambia. "Akasema lielekezwe chini, lipite juu ya vichwa vya waingiao. Nikamwambia, Mwalimu, chuma kiko upande ule. Akaniuliza, je, chuma ni kikubwa kuliko jina? Ningejibu nini, kaka? Mimi hata kusali sijui."

Sikuwa na la kumlaumu. Nikaegemeza nguzo tatu za mikoko chini ya linta, nikazikaza kwa kabari, nikawaambia watu kwamba ni za kupakia rangi. Halafu nikaenda chuoni. Mwalimu alikuwa ameketi barazani peke yake, ana kahawa na mkate.

"Fundi, karibu. Nimeiokoa heshima yako," akasema. "Ungefunika kitu kile kwa matope."

Niliomba mkate wake. Ulikuwa wa jana, mgumu kiasi. Nikauweka juu ya vikombe viwili, nikamwambia abonyeze. Akabonyeza, ukapasuka kwa chini. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi, chuma, tumbo, kuvutwa. Akaugeuza mkate akautazama kwa chini.

"Kuna ufa?" akauliza.

"Upo. Umekata sini."

"Na wanawake wakipanda?"

"Utakua."

"Linta ikianguka itamwangukia nani?"

"Anayepita katikati."

"Katikati anapita bwana harusi," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Wageni wameshavuka bahari. Ukimwambia Maulida asogeze siku, atauliza kwa nini, na jibu litakuwa mimi. Mjomba mtu. Nimeharibu nyumba ya binti wa dada yangu kwa mikono yangu."

"Kuna mlango wa jikoni," nikasema.

"Bwana harusi aingie kwa jikoni?"

Hata mimi niliona nimesema upuuzi. Kisha nikasema jambo ambalo sijawahi kulisema kabla wala baada. "Mwalimu, kosa si lako. Niliandika jina la Mungu juu ya jiwe langu na sikuandika upande gani ni juu. Nilikuwa naringa."

"Hilo mji mzima unalijua," akasema. "Utafanya nini?"

Nikamwambia nitajenga tao juu ya linta, ndani ya ukuta uleule. Tao litabeba boriti na kupeleka uzito pembeni. Linta itabaki kujibeba yenyewe, na hilo inaliweza hata ikiwa kichwa chini. Kulia tulikuwa na hatua nne za ukuta mzima kabla ya dirisha, kushoto zaidi, kwa hiyo mabega ya kuzuia msukumo yapo. Kuibomoa linta kusingewezekana kwa siku mbili. Tao linawezekana, kwa fundi mmoja tu katika mji huu.

"Na watu wakiuliza?"

"Waambie umeniomba urembo."

Akawaza. "Sitasema uongo. Nitasema nimekuomba, maana nakuomba."

Basi tulifanya kazi. Tulizishikilia boriti kwa nguzo ndani na nje, tukayatoa mawe ya pembetatu moja moja, kwa mkono, bila nyundo. Mimi na Tombo tukachonga mawe kumi na saba, kila moja pana juu, jembamba chini, nikiyapima kwa kamba iliyofungwa kwenye msumari, na msumari umepigiliwa kwenye nguzo chini kabisa, mahali ambapo duara lingekuwa na kitovu chake. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya kamba. Saruji ingekuwa bado changa Ijumaa, nilijua. Ndiyo sababu mawe niliyakaza karibu makavu, na kila ufa mdogo nikaupigilia kibanzi cha jiwe. Hapo nilimsikia Mzee Madi masikioni, kwamba wote ni wabaya na asipate mmoja nafasi.

Kati ya tao na linta niliacha upenyo wa kidole, mwishoni nikauziba kwa vijiwe vidogo na chokaa nyepesi ya macho tu. Tao likishuka kidogo, nalo hushuka, lisiikute linta. Wengi wa wanaoniiga leo wanaujaza upenyo ule kwa saruji nzito na kulifanya tao kuwa mzigo mwingine. Msifanye hivyo.

Kiunzi kilishikwa na nguzo pande mbili za ukuta, na nguzo zikakaa ndani ya makopo ya mchanga. Na safari hii sikutaka mzaha na unyevu, kwa hiyo nikamtuma Tombo akakaange mchanga. Sufuria kubwa tuliyoipata ilikuwa ya pilau ya harusi. Bibi akatukuta.

"Mnapika nini humo?"

"Mchanga, bibi," Tombo akasema.

Akatutazama mmoja mmoja. "Na upande wa bwana harusi mmewapangia kula huu, au ni wa kwetu?"

Tukaiosha sufuria mara saba, yeye akihesabu.

Jiwe la mwisho, la katikati, nililiingiza Alhamisi jua likielekea kuzama, kwa nyundo ya mti, mapigo madogo, mpaka sauti ikabadilika kutoka ya mbao na kuwa ya kengele. Tao likifunga utalisikia. Ijumaa asubuhi tukachomoa vijiti. Mchanga ukatoka kama unga, kiunzi kikashuka, mawe yakanong'ona kidogo yakanyamaza. Tukatoa nguzo za boriti. Mwisho, nguzo tatu za chini ya linta. Nilizitoa mwenyewe, maana singeweza kumwambia mwingine asimame pale.

Kisha nikachukua karatasi yangu ya kusokotea tumbaku, ile nyembamba kabisa, nikaibandika kwa maji ya wali kukatiza ufa, chini ya sini. Ufa ukifunguka hata kwa unene wa unywele, karatasi inakatika. Mwalimu, ambaye kila wiki alinihubiria kuhusu tumbaku, ndiye aliyenishikia ngazi nikiibandika.

Bwana harusi alikuja baada ya sala, na nusu ya Mahabibo nyuma yake. Nilimwomba bibi wasipande wanawake zaidi ya kumi. Walipanda hata nikaacha kuhesabu. Ngoma ikaanza juu, miguu ikaanza juu, mchele ukamwagika mlangoni kama mvua. Mimi nilikuwa ndani, hatua moja kutoka kizingiti, macho kwenye karatasi.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Wanawake huufunga mlango. Mashangazi wanne walijipanga wameshikana mikono, wakamsimamisha bwana harusi palepale, chini ya linta katikati, na wazee wake wanne, wakidai marashi.

"Tumeleta marashi," mzee mmoja akasema.

"Haya ya chupa ndogo? Binti yetu mnamfananisha na mtoto mchanga?"

"Kubwa iko nyuma inakuja."

"Basi tutaingoja nanyi mtaingoja. Simameni vizuri, msiegemee ukuta mpya."

Juu walikuwa wanaruka sasa. Vumbi la chokaa lilidondoka kwenye bega la bwana harusi, akalipangusa akidhani ni mchele. Nikasema, "Dada zangu, mwacheni apite, jua kali," na shangazi mkubwa akaniambia fundi akajenge. Jasho lilinitoka mpaka likaingia machoni. Mwalimu Abdu akajipenyeza akasimama kando yangu, naye akainua uso. Tulisimama hivyo, watu wazima wawili, tumekodolea macho jina la Mungu, na nikamsikia mtu nyuma yetu akimwambia mwenzake, "Tazama yule fundi. Na sisi tulidhani hana dini."

Chupa kubwa ikafika. Mikono ikaachiana. Bwana harusi akaingia na wazee wake, wawili kila upande, na hakuna aliyepinda bega. Kundi lote likapita nyuma yao, wakisukumana, mpaka mlango ukabaki mtupu na ngoma ikahamia ndani.

"Karatasi?" Mwalimu akauliza bila kutikisa midomo.

Nikapanda ngazi. Nikaipitisha ncha ya kidole toka mwanzo mpaka mwisho.

"Nzima."

"Alhamdulillahi," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na sebule nzima ikaitikia bila kujua inaitikia nini. Akakaa chini kwenye kizingiti, kanzu yake mpya na yote, akavua kofia, akajifuta kichwa. Nami nikakaa. Tulikaa kama watu waliotoka kwenye homa, tunanusa pilau.

Baadaye kidogo akaniambia, "Ule mlango wa chuo changu. Ni nani aliyeujenga?"

"Mimi."

"Na juu ya linta uliandika?"

"Niliandika. Ila ilipandishwa nami sipo, na chini imefunikwa lipu."

Akafikiri. "Nipe karatasi mbili."

Nikampa. Zimebandikwa pale mpaka leo, zimekuwa njano, na hakuna iliyokatika.